Kisu cha Ta Ildefons

Kila asubuhi, kabla ya chai, mzee Ildefons, au Ta Ildefons kama majirani walivyomwita kwa heshima, aliingia kwenye kibanja chake na kisu mkononi. Kibanja ni shamba la nyumbani. Migomba na mibuni huota pamoja, na nyumba huwa katikati. Kule kijijini Kanazi, ukitaka kumjua mtu, unatazama kwanza kibanja chake. Cha Ildefons kilikuwa safi kama sebule.

Kisu hicho kilikuwa kifupi na kikali. Mpini wake ulizungushiwa kipande cha kanga. Kanga ilikuwa ya Joviana, mke wake. Joviana ndiye aliyekizungusha, kwa sababu mpini ulikuwa unamchubua mume wake kiganja. Mwaka uliofuata alifariki. Alizikwa nyuma ya nyumba, karibu na shina la migomba alilolipanda mwenyewe akiwa bibi harusi. Ildefons alianzia hapo kila siku. Alikata jani kavu, akamsalimia mke wake, ndipo akaendelea na kazi.

Mzee huyu alikuwa na tatizo moja: hakuweza kukaa bure. Nyumba tupu ilimtisha. Akimaliza kwake, alikwenda kwa jirani yake Vestina, mjane aliyekuwa akilea wajukuu wanne. Vestina aliumwa goti, hakuweza kuinama. Kwa hiyo Ildefons alimkatia majani makavu na kumsafishia migomba. Malipo yake yalikuwa sahani ya ndizi kwa maharage, na watu wa kula nao. Kwake hayo yalitosha kabisa.

Mwezi wa tatu Ildefons alikwenda Nshamba kumtembelea dada yake, Kokuhirwa. Alikuta migomba ya dada yake imenyauka na kuwa ya njano. Alidhani imekosa mbolea tu. Hakuwa mtu wa kuona kazi akaipita. Akachomoa kisu chake, akakata majani yale kwa siku mbili. Kisha akakifuta kisu kwa jani, akarudi nyumbani. Kesho yake aliamkia kwenye kibanja chake, halafu akaenda kwa Vestina kama kawaida.

Wiki chache zilipita. Kwa Vestina, jani moja likalegea kama lililomwagiwa maji ya moto. Likafuata la pili. Mkungu mmoja ukaiva kabla ya kukomaa. Walipomenya ndizi, ndani ilikuwa na rangi ya kahawia. Vestina alianza kusema kuna mtu mwenye kijicho. Ildefons alimwonea huruma, akazidi kuja na kukata. Alipita shina hadi shina kwa kisu kilekile. Kadiri alivyouguza, ndivyo ugonjwa ulivyozidi kusambaa.

Vestina aliogopa sana. Kibanja kile ndicho kilichowalisha wajukuu asubuhi na jioni. Akatuma watu wamwite bibi shamba.

Bibi shamba aliitwa Edvina. Alikuja kwa pikipiki, suruali imejaa tope. Hakuanza na maneno mengi. Alikata mgomba mmoja unaoumwa, akawaambia wasubiri. Baada ya muda, utomvu mzito wa njano ukatoka pale palipokatwa.

"Unafanana na usaha," Vestina alisema.

"Ndiyo, mama. Huu ni mnyauko wa migomba. Hakuna aliyekuroga. Unaletwa na bakteria. Ni vitu hai, vidogo sana. Jicho haliwezi kuviona, lakini vipo kwenye utomvu huu, na vinazaana."

"Vimefikaje hapa? Havina miguu."

"Sisi ndio miguu yao. Wewe unaweza kutumia wembe uliomkata mgonjwa?"

"Hata kidogo."

"Basi kisu ni wembe wa mgomba. Kikikata mgonjwa, kinabeba utomvu wake hadi kwa mzima."

Kisha Edvina akauliza ni nani anayemkatia majani. Vestina akamwonyesha Ildefons kwa fahari. Alisema mzee huyu amemsaidia miaka mitatu, na mkono wake una baraka. Edvina akamgeukia mzee na kumuuliza kwa heshima kama kisu chake kimewahi kufika shamba jingine lenye ugonjwa.

Ildefons alikumbuka Nshamba. Hakuna mtu pale aliyejua alichokifanya kule. Alitazama chini, akasema hakumbuki vizuri. Kisha akaaga na kwenda zake, na sahani ya ndizi aliyowekewa hakuigusa.

Tuseme ukweli: mzee alidanganya. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa kupoteza mlango pekee uliobaki wazi kwake. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwenye shina la Joviana. Katika migomba mitatu ya shina lile, mmoja ulikuwa umelegeza jani la njano. Ildefons alikaa chini palepale kwenye nyasi akalia. Alimwambia mke wake kila kitu. Alipomaliza kumwambia marehemu, aliona hana budi kumwambia na aliye hai.

Alimkuta Vestina akichambua maharage.

"Ma Vestina, ni mimi," alisema. "Ugonjwa niliutoa Nshamba kwa dada yangu. Niliuleta kwa kisu hiki, na jana nilikuficha. Nisamehe, waitu, nakusihi."

Vestina akabeba ungo wake, akaingia ndani.

Ildefons alikwenda kwa Edvina, akataka kumwachia kile kisu akitupe. Edvina alikataa.

"Kisu hakina kosa, baba. Kilikosa moto. Moto unaua bakteria. Kabla ya kugusa mgomba mwingine, weka bapa la kisu kwenye moto mpaka liwe la moto kiasi kwamba huwezi kuligusa."

"Na kanga hii?"

Edvina aliiangalia kanga. Akasema nguo nayo inanyonya utomvu. Ni lazima itoke, ichemshwe vizuri, na isirudi tena kwenye mpini. Ildefons aliifungua taratibu, mzunguko mmoja baada ya mwingine. Aliichemsha, akaianika, kisha akaifunga kwenye picha ya Joviana ukutani.

Siku ile Edvina alimfundisha mengine. Mgomba unaoumwa hukatwa peke yake, chini kabisa, na haubebwi kwenda kokote. Ua dume, lile linaloning'inia chini ya mkungu, huvunjwa kwa mti wenye panda mara tu kichane cha mwisho kinapotokea. Halikatwi kwa kisu. Wadudu hulifuata ua hilo na kubeba ugonjwa. Mbuzi hufungwa mbali na migomba, na machipukizi hayachukuliwi shamba lenye mnyauko.

Ildefons aliukata ule mgomba mgonjwa wa Joviana. Miwili aliiacha. Alimtumia dada yake habari zote. Edvina aliwafundisha pia Vestina na wajukuu, nao wakafanya vilevile. Mzee aliwasikia wakifanya kazi ng'ambo ya uzio. Hakuitwa. Alikula peke yake miezi mitano, na chakula hakikuwa na ladha.

Mvua za vuli zilikuja. Kwa Vestina migomba kumi na minne ilikuwa imekufa, lakini iliyobaki ilisimama na majani mabichi. Machipukizi mapya yakatokea. Kwa Ildefons, mmoja wa migomba miwili ya Joviana ukatoa mkungu.

Asubuhi moja mzee aliona moshi kwenye njia ya kuingilia kwa Vestina. Alishtuka, akatoka mbio kadiri miguu yake ilivyoweza. Alimkuta Vestina amekaa kwenye kigoda, goti amelinyoosha. Mbele yake palikuwa na jiko lililojaa makaa mekundu, na pembeni sahani mbili zimefunikwa.

"Ta Ildefons," alisema, "majani makavu yamenishinda. Moto uko tayari. Leta kisu chako."