Mtihani Tunaoukwepa

Gatesi na Rwema walitoka shuleni wakiburuta miguu. Wiki ya mitihani ilikuwa imewamaliza. Walikuwa wamechoka hata kubishana, lakini walibishana.

"Insha ni mateso," alisema Rwema. "Mi naangalia karatasi, karatasi inaniangalia. Mutihani ya kuchagua, jibu iko pale pale."

"We unasema," alijibu Gatesi. "Mi nasoma majibu ine, A mpaka D, yote nayasikia kwetu. Nachagua gani? Kwa insha, mutu anaeleza tu."

Kwao Gatesi, upande wa Rwanda jirani na mpaka wa Goma, Kiswahili cha mtaani kilizungumzwa kutwa nzima, na hicho ndicho kilichomponza. Kati ya "mtu mzuri" na "mutu muzuri", aliweka alama kwenye la pili, alilolizoea. Wote wawili walikuwa wameshindwa Kiswahili, Gatesi sehemu ya kuchagua, Rwema sehemu ya insha. Mtihani ungerudiwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, na atakayeshindwa tena angerudia darasa.

Kesho yake walimwomba Mwalimu Drocella, aliyekulia Tanzania, kila mmoja apewe mtihani anaoupenda. Mwalimu naye alikuwa hoi kwa kusahihisha.

"Hapana," alisema. "Gatesi atafanya wa kuchagua. Rwema ataandika insha."

Gatesi alitaka kulia. Walipofika barabarani, Rwema alimgeukia.

"Bon, haya," alisema. "Tusaidiane."

Kila jioni Rwema alimsomea Gatesi sentensi, naye alitakiwa kutaja kosa na sababu yake. Alichoka, akakasirika, akaendelea. Kisha ilikuwa zamu ya Rwema. Gatesi alimwambia asimulie siku pikipiki ya mjomba wake ilipozimika kwenye mlima wa Nyundo, mvua ikinyesha. Rwema alisimulia mpaka wakacheka.

"Sasa andika hiyo hiyo," Gatesi alimwambia.

Ijumaa walifaulu wote wawili, Gatesi kwa taabu.

"Mwalimu, kwa nini ulitunyima tulichoomba?" aliuliza Rwema.

"Mngefaulu kirahisi, na mwakani mngeshindwa tena," alijibu Mwalimu Drocella. "Mtihani wa kuchagua hupima kama unalitambua lililo sahihi. Insha hupima kama unaweza kulisema mwenyewe. Anayejua lugha huyaweza yote mawili. Kila mmoja wenu aliuita mgumu mtihani ule uliomwonyesha asichokijua, na hicho ndicho mlichopaswa kujifunza."

Akafunga mkoba wake taratibu.

"Haya, nendeni mkalale. Leo mmechoka kwa kazi, si kwa kuikwepa."