Aliyeitwa Kwenye Magugu ya Ijara

Mvua ya El Nino, mwishoni mwa tisini na saba, iligeuza nyika ya Ijara kuwa ziwa. Nilikuwa naendesha boti ya jeti ya shirika la msaada. Boti hiyo haina rafadha. Hufyonza maji chini na kuyarusha nyuma kwa nguvu. Magugu ndiyo adui yake.

Jioni hiyo nilibeba unga na abiria mmoja, mfugaji aitwaye Adow. Mafuriko yalimtenganisha na mkewe, Shamis. Sasa alikuwa amesikia mkewe yuko hai, kwenye kambi ya waathirika huko Ijara. Njia nzima alicheka peke yake.

Jua likizama, tukaingia kwenye magugu. Niliongeza mwendo tuteleze juu yake. Injini ikanguruma bure. Wavu wa chini, unaopitisha maji, ulikuwa umeziba.

Nikaizima.

Kimya...

Nikatumbukiza mkono, nikawa nachomoa magugu. Harufu ya maziwa yaliyochacha ikanipanda puani. Kisha, chini yetu...

Kok... kok... kok...

Kengele ya mti. Ya ngamia.

"Ngamia yangu hiyo," Adow alinong'ona. "Ilikufa na mafuriko."

Sauti ya mwanamke ikatoka kwenye magugu, laini. "Adow... kaalay. Njoo."

"Shamis!"

"Shamis yuko kambini, walalo, ndugu yangu," nikamshika shati. "Usijibu!"

"Naam," akajibu.

Akashuka. Shati likabaki mkononi mwangu.

Maji yalimfika magotini tu.

Nikachomeka upondo pale pale aliposhukia. Ukazama wote. Sikugusa chini.

Niliita mpaka sauti ikakauka. Niliwasha injini, ikakohoa. Yeye alitembea taratibu, bila kugeuka, magugu yakijifunga nyuma yake.

Nilisafisha wavu nikilia. Nilipofika kambini, Shamis alikuwa ukingoni, hai, wanawake wamemshika mikono.

"Shamis, Adow..." nilianza.

"Najua. Tangu magharibi ananiita huko majini."

Nywele zikanisimama. "Umemjibu?"

"Mara moja tu."

Wanawake walimzunguka usiku kucha, wakimsomea Kurani, wamemshikilia. Alfajiri, mikononi mwao palikuwa na shuka tupu, limelowa.

Sheikh wa kambi alisema ni majini, wale mashetani, waliofukuzwa makaoni mwao na mafuriko. Labda. Mimi niliacha kazi. Boti akapewa mwingine, na maji yalikuwa bado hayajapungua.