Maneno Aliyoyasema kwa Jina Letu

Kila asubuhi Pulchérie, mama yake Iriza, alianika sambaza juu ya nyavu kwenye mchanga wa Gisenyi, ukingoni mwa Ziwa Kivu. Sambaza ni samaki wadogo, urefu wa kidole. Ukiwaanika mapema, wanakauka vizuri. Ukiwaacha kwenye beseni mpaka mchana, unawatupa.

Mume wake, Jean Bosco, alikuwa mpiga kasia. Wavuvi wa Kivu hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, na alfajiri hurudi wakiimba. Wakifika, humwaga samaki wote mchangani. Hawagawani majini. Wanagawana nchi kavu, mbele ya wanawake, kila jicho likiona.

Asubuhi moja ya mwaka 1999, Pulchérie alikuta ufuo umezungushiwa seng'enge. Mlinzi alisimama ndani.

"Mama Iriza, rudi. Hapa haiko kwenu tena."

"Tangu lini? Jana nyavu zangu zilikuwa hapa!"

"Nyavu ziko pale kwa njia. Mi nimetumwa tu. Itajengwa oteli."

"Nani alikubali?"

Mlinzi alishangaa. "Si nyinyi wenyewe? Walituambia mulikubali."

Pulchérie alikaa kando ya njia na beseni lake. Jua likapanda. Mchana samaki walinuka, akawamwaga ziwani. Hakulia. Hasira ilikuwa kubwa kuliko machozi.

Jioni yeye na Jean Bosco walikwenda kwa Rutagengwa, konseye wao, yaani diwani. Walimchagua mwezi wa tatu. Uchaguzi ule haukuwa wa karatasi. Kila mgombea alisimama uwanjani, na wanaomtaka wakapanga mstari nyuma yake. Pulchérie alisimama karibu kabisa. Aliona jasho kwenye shati la Rutagengwa. Jirani zake wote walimwona yeye pia, na wengine mpaka siku ile walikuwa hawamsalimii kwa sababu hiyo.

"Bon," alisema Rutagengwa mlangoni. "Mimi na mbunge wa Kigali tuliandikiana juu ya ile ufuo. Mambo imekwisha."

"Uliandika nini?" aliuliza Pulchérie.

"Barua ya mutu ni ya mutu. We unaweza kuja kufungua valizi yangu ya nguo?"

"Valizi yako baki nayo," alisema Jean Bosco. "Tunataka ile uliandika juu yetu."

"Hakuna sheria inanilazimisha. Mulinichagua mimi niseme. Donc, nimesema." Akafunga mlango.

Jirani yao Umuhire alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikulia Tanzania, akarudi nyumbani baada ya vita. Alimkuta Pulchérie akisugua beseni kwa mchanga, akisugua kama anataka kulitoboa.

"Mwalimu, ni kweli hakuna sheria?"

"Ni kweli," alisema Umuhire. "Hapa kwetu sheria hiyo haipo. Ziko nchi ambazo mwananchi anaingia ofisini, anaomba karatasi, na ni lazima aonyeshwe. Lakini hata huko kuna mahali wabunge wameandika ofisi zote kwenye sheria, wakajisahau wao wenyewe."

"Walijisahau?"

"Kwa makusudi, mama Iriza."

Pulchérie alicheka kicheko kikavu. "Yewe! Mimi nikichagua, nachomwa na jua mbele ya watu wote. Yeye akisema kwa jina langu, anajifungia nyumbani?"

"Ndiyo maana inafaa sheria ya namna hiyo iwafunge na wao. Barua anayomwandikia mkewe ni yake. Barua anayoandika kwa kazi tuliyompa ni ya kazi, na kazi ni yetu. Kama sheria haipo, tunaweza kuanza na sharti letu hapa. Liseme mkutanoni."

Jumamosi, baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa mzima, watu walikaa kwenye majani, majembe kando yao. Pulchérie alisimama.

"Konseye, leta barua zile. Usome hapa."

Rutagengwa alitabasamu. "Munataka kila barua isomwe? Sawa. Mama Iriza, nianze na ile uliniletea juu ya dada yako na ugonjwa wake?"

Pulchérie alihisi macho ya watu usoni kama moshi. Dada yake alikuwa ameketi palepale. Alijifunika kichwa kwa kitenge.

Pulchérie akakaa.

Umuhire ndiye aliyesimama. "Aibu kwako, konseye! Umetuonyesha wewe mwenyewe tofauti. Mgonjwa anayekuomba msaada, mfunikie. Mke anayepigwa, mfunikie. Na habari ya usalama wa mpaka, tumetoka vitani juzi, ngoja mpaka hatari ipite. Lakini ufuo si ugonjwa. Ufuo si vita. Huko Kigali ulisema tumekubali. Nani alikubali? Anyooshe mkono!"

Hakuna mkono ulionyooshwa.

"Sisi tunamwaga samaki mbele ya watu," alisema Jean Bosco. "Mutu akificha hata kidogo chini ya ubao, hapandi tena mutumbwi yetu. We ulificha ufuo muzima!"

Watu walicheka, lakini hawakucheka kwa furaha. Rutagengwa alichukua kofia yake akaondoka. Cheo aliondoka nacho. Barua pia.

Wiki ile wavuvi walirudi alfajiri na wimbo mpya. Waliuimba wakigonga makasia mbele ya nyumba ya Rutagengwa:

Twasimama nyuma yako, jua lote likaona;
Ulisema nyuma yetu, nani huko kakuona?

Mkutano uliweka sharti. Yeyote atakayeandika au kusema kwa jina la watu wa pale, atasoma barua mbele yao kabla ya kuituma, na jibu likija atalisoma vilevile. Shida za mtu mmoja, za nyumba yake na mwili wake, hazitasomwa. Kisha wauza samaki walimchagua mwenzao, Ndayisaba, awatafutie mahali pengine pa kuanika.

Ndayisaba alimwandikia mbunge, akasoma, akatuma. Jibu la mbunge lilipofika, alipanda juu ya mtumbwi uliopinduliwa akalisoma. Mbunge aliuliza kama wanawake wanakubali kuhamia nyuma ya machinjio.

"Ayii! Kwa nzi?" walipiga kelele. "Atakula nani hiyo samaki? Yeye?"

"Niandike hivyo?"

"Andika! Ondoa tu ile ya 'yeye'."

Safari hii neno lao lilifika kabla vigingi vya uzio havijapigwa. Walipewa mahali pa mawe, mbali, juu ya njia. Upepo ni mzuri, samaki wanakauka. Umbali tu ndio unaua shingo. Lakini hakuna aliyewasemea bila wao kusikia, na mpaka leo Ndayisaba hathubutu kutuma hata salamu kabla ya kuzisoma.

Ufuo wa zamani haukurudi. Oteli ilijengwa. Kila asubuhi Pulchérie hupita kando ya seng'enge na beseni lake kichwani.

Siku moja Rutagengwa alimkuta pale njiani.

"Mama Iriza, hunisalimii? Mambo ilishaisha. Si mulipata mahali?"

Pulchérie alisimama. "Barua iko wapi?"

"Bado unaitaka? Itakusaidia nini sasa?"

"Ilete. Usome hapa hapa njiani. Mi nitasikiliza na beseni kichwani. Nikishasikia, nitakusalimia."

Rutagengwa alitazama seng'enge, akatazama ziwa. Pulchérie alisubiri. Beseni lilikuwa zito, na jua lilikuwa linapanda juu ya samaki.

Rutagengwa akageuka, akashika njia yake.

Pulchérie akaenda zake kuanika.