Zuhra Anashuka Mgongoni

Mimi ni Twalibu, muuza vitenge hapa Kasulu mjini. Kila asubuhi nilikuwa nafungua duka nikiwa nimembeba binti yangu mgongoni. Zuhra alikuwa na miaka mitano. Ndiyo, mitano! Watu walinitania: "Baba Zuhra, huyo utambeba mpaka harusini?" Nilicheka, lakini sikumshusha.

Msinicheke na ninyi. Zuhra alizaliwa njiti, kabla ya siku zake. Wiki nyingi mimi na mama yake, Mwanahawa, tulipokezana kumlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, ili apate joto. Mtoto uliyemshika hivyo, unaogopa hata upepo umguse. Basi dukani nilimkalisha juu ya majora ya vitenge, nikampa simu atazame katuni.

Januari iliyokuwa inakuja alitakiwa kuanza darasa la awali. Shule iko juu mlimani. Zuhra akitembea kidogo tu anahema, anajikwaa, anaanguka.

"Asubiri mwaka mmoja," nilisema.

Mwanahawa alinuna. "Na mwakani utasema hivyo hivyo."

Jioni moja mpira wa watoto ulibingirika hadi mlangoni kwetu. Ulikuwa mpira wa majani makavu ya mgomba, umefungwa kwa kamba. Zuhra alishuka, akarusha teke. Mguu ukapita hewani, akaanguka chini pu! Watoto wakacheka. Akaniangalia.

"Baba, mimi naumwa?"

Nilimwinua, nikampangusa vumbi. Moyo uliniuma, jamani.

Mwalimu Dorcas, jirani yetu anayefundisha awali, alikuwa anachagua kitenge. Alimwinamia.

"Mwana wanje, mwanangu, wewe huumwi." Kisha akanigeukia. "Baba Zuhra, kliniki wanasemaje?"

"Wamempima mwezi uliopita. Moyo mzima, mapafu mazima."

"Basi ni miguu tu haijapata kazi. Mtoto anajifunza kukimbia kwa kukimbia. Mpira unafundisha jicho na mguu kushirikiana, na pumzi inaongezeka. Umri huu anahitaji kucheza na kukimbia walau saa moja kwa siku. Si lazima kwa mkupuo mmoja. Mlete kesho jioni uwanjani hapa mtaani, ninakochezesha watoto."

"Akiumia?"

"Akichubuka goti, tutaliosha kwa maji na sabuni. Mchelea mwana kulia, hulia yeye."

Kesho yake nilimpeleka. Nilitegemea fujo. Wapi! Kila mtoto alikuwa na mpira wake mdogo, laini, wasichana kwa wavulana. Hakuna kuhesabu magoli, hakuna kumfokea mtu. Waliusukuma mpira taratibu kuzunguka ndala zilizopangwa chini. Wakasimama kwa mguu mmoja, wakacheka, wakapumzika na kunywa maji.

Zuhra akaanguka. Nikaruka kwenda kumwinua.

"Kaa kwanza, Baba Zuhra," alisema Mwalimu Dorcas. "Mpe nafasi."

Nilikaa. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kubeba gunia la maharage. Zuhra alinitazama, akaona siji. Akajipangusa vumbi, akaufuata mpira wake.

Tukaenda kila jioni. Wiki za kwanza alichoka upesi, akapumzika, akarudi kucheza. Simu ikawa yangu tena. Baada ya miezi mitatu alikuwa anaruka mfereji bila kushikwa mkono, na chakula alikuwa anamaliza sahani.

Januari ikafika. Tukatoka nyumbani watatu, Zuhra na sare yake mpya. Tulipofika chini ya mlima nilichuchumaa, mgongo tayari. Akapita kando yangu kama hanioni, akakimbia mbele.

Nikamfuata. Katikati ya mlima pumzi iliniishia, nikasimama nimeshika kiuno. Zuhra akarudi mbio. Akanigeuzia mgongo wake mdogo, akachuchumaa.

"Baba, panda. Nikubebe."

Mwanahawa alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka huku nalia.