Ukurasa wa Mwisho wa Kidoti

Nyumba ya fundi makochi haikosi kelele. Chumba cha mbele ndicho karakana yake. Sponji zimepangwa hadi karibu na dari. Kuna marobota ya vitambaa, makopo ya gundi, na kila siku kuna kochi moja au mawili yaliyovuliwa nguo, mbao zikiwa nje. Fundi hupiga nyundo tangu asubuhi. Mwanawe mkubwa, ambaye nyumbani wanamwita Kaka, hukata sponji. Binti wa pili, Dada, akitoka shule hushona foronya za mito. Wa mwisho ana miaka saba. Anaitwa Kidoti, kwa sababu ya alama ndogo nyeusi iliyo shavuni mwake. Yeye huokota kwa sumaku misumari iliyoanguka.

Cherehani iliyo karibu na dirisha ilikuwa ya mama yao. Mama alifariki mwaka jana. Dada hakuambiwa na mtu akae pale. Siku moja alikaa tu, akaanza kushona.

Siku moja mwalimu wa Kidoti alimwita Baba shuleni.

"Mtoto anajua kusoma," mwalimu alisema. "Lakini hamalizi hadithi hata moja. Akibakiwa na ukurasa mmoja, anafunga kitabu. Nikimwuliza hadithi iliishaje, machozi yanamtoka. Mtihani una maswali ya hadithi nzima, mzee. Akiendelea hivi, itabidi arudie darasa."

Baba alirudi nyumbani na mawazo. "Kidoti, kwa nini humalizi vitabu?"

"Nimechoka, Baba."

"Umechoka na vitabu vyote?"

Kidoti aliokota msumari mmoja, akautazama.

Baba alifikiri kwamba labda vitabu vya shule vimemchosha. Alikuwa amesikia kwamba maktaba ya mtaa inaazima tableti za kusomea, ambazo wengine huziita vishikwambi. Akaenda. Mkutubi alikuwa binti mpole, mwenye sauti ya chini. Alimwonyesha Baba kila kitu bila haraka.

"Ndani yake mna vitabu vingi," alisema. "Ukigusa jalada, kitabu kinafunguka. Ukitaka herufi kubwa, unagusa hapa. Ukigusa alama hii ya sikio, inakusomea kwa sauti. Usiilowanishe, na usiiache juani."

"Na kwenye gundi?"

Mkutubi alicheka kidogo. "Hasa kwenye gundi, mzee wangu."

Kaka alipoiona alisema, "Loo! Simu imenenepa hivi! Inalishwa nini?"

"Umeme," Dada alimjibu. "Na wewe usiiguse, mikono yako yote gundi."

Kidoti aliipenda. Kila jioni alikaa nayo kwenye rundo la sponji, miguu ikining'inia, akisoma kwa midomo. Baba alimtazama akafurahi. Alijiambia kwamba dawa imepatikana.

Siku ya kurudisha tableti ilipofika, Baba na Kidoti walikwenda maktaba pamoja. Mkutubi aliifungua. Majalada ya vitabu yakatokea, na chini ya kila jalada palikuwa na mstari mwembamba.

"Mstari huu unaonyesha msomaji amefika wapi," alimweleza Baba. "Tableti inakumbuka pale ulipoachia. Ukimaliza kitabu, mstari unajaa wote."

Kisha akainama. Alitazama mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Yote ilikuwa karibu kujaa. Hakuna hata mmoja uliojaa.

Baba naye aliona.

Mkutubi hakumkemea mtoto. Alivuta kiti, akaketi ili macho yao yalingane.

"Kidoti, hiki cha sungura umekipenda?"

"Ndiyo."

"Umebakiza ukurasa mmoja tu. Kuna kitu kinakuogopesha pale?"

Kidoti alitikisa kichwa. Aliangalia viatu vyake kwa muda. Halafu akasema polepole, "Mama alikuwa anatuhadithia kiti cha miguu mitatu. Kinatafuta mguu wake. Mimi nalala kabla hakijaupata. Kila siku nalala. Halafu Mama akaenda hospitali."

"Kwa hiyo hujui hadithi iliishaje."

"Sijui. Na nikimaliza hizi zingine zote, ile ya Mama itabaki peke yake."

Baba aligeuza uso. Alianza kubandua gundi iliyokauka kwenye ukucha wake, ingawa ilikuwa kidogo sana.

"Hadithi hiyo nani anaikumbuka nyumbani?" Mkutubi aliuliza.

"Wakubwa zake wanaikumbuka," Baba alisema.

"Basi iandikeni. Tableti si ya kusomea tu, hata kitabu unaweza kukitengeneza humu. Mnaweka maneno, picha na sauti zenu. Rudini nayo nyumbani, na mkikwama nitapita."

Kazi ilianza siku ileile. Dada aliandika hadithi kwa kalamu kwenye karatasi, kwa mwandiko mzuri, kisha akaipiga picha kwa tableti. Kaka alitafuta picha ya kiti kwenye mtandao. Alipata kiti cha dhahabu, kinang'aa kama cha mfalme. Walipomaliza walimwita Kidoti. Kidoti aligusa alama ya sikio. Kimya. Akagusa tena. Kimya. Baba alipojaribu kuzikuza herufi, zikawa ukungu mtupu.

"Imekufa," Kaka alisema.

"Haijafa. Umeichosha na kiti chako cha mfalme," Dada alisema.

Walimpelekea habari Mkutubi, na siku iliyofuata, mchana, akapiga hodi karakanani.

"Karibu, binti yangu," Baba alisema. "Usikae hapo! Hilo kochi halina springi, utazama tusikuone tena."

Mkutubi alihama, akaangalia kitabu chao. "Mmefanya kazi kubwa," alisema. "Lakini hii ni picha ya maandishi. Sisi tukiitazama tunaona maneno. Tableti inaona picha tu, kama inavyoona picha ya kochi. Ndiyo maana haiwezi kuisoma wala kukuza herufi zake vizuri. Maneno tuyaandike humuhumu ndani, herufi moja moja."

Dada alikunja uso. "Nianze upya?"

"Uanze upya, mdogo wangu. Lakini fikiria mtu asiyeona vizuri, au asiyejua kusoma bado. Ukiyaandika humu, naye atasoma au atasikia."

Kisha akauliza, "Na kiti hiki ni cha nani?"

"Cha mtandaoni," Kaka alisema.

"Mtandaoni si jina la mtu. Kuna aliyepiga picha hii. Je, amekuruhusu?" Akamgeukia Baba. "Mzee, mtu akikuta kochi lako mlangoni, akalibeba bila kuuliza?"

"Ataijua nyundo yangu," Baba alisema.

"Hata picha iko hivyo. Zipo zinazoruhusiwa kutumiwa na wote, na huwa zimeandikwa hivyo. Lakini nzuri zaidi ni picha yenu wenyewe."

Wote waligeuka kutazama kona. Pale, chini ya vitambaa chakavu, palikuwa na kiti kidogo cha miguu mitatu. Mteja alikiacha zamani, hakurudi. Mguu wa nne haukuonekana kamwe. Mama alikuwa akikitazama huku akishona, na hadithi ilianzia hapo. Kaka alikitoa, akakifuta vumbi, akakipiga picha. Kilikuwa na mikwaruzo. Hakikung'aa hata kidogo. Kidoti alikikumbatia.

Dada alianza kuandika upya. Kiti kiliuliza mlango, mlango ukasema hapana. Kiliuliza ngazi, ngazi ikasema miguu yangu ni miwili tu, nami naihitaji. Kazi ilikwenda vizuri mpaka walipofika mwisho.

"Halafu kikaupata mguu wake chini ya kitanda," Kaka alisema.

"Hapana!" Dada aliacha kuandika. "Hakikuupata. Kiliegemea ukuta. Ukuta ukasema, kaa, mimi nitakuwa mguu wako."

"Hiyo umeitunga."

"Wewe ndiye unayetunga! Mama aliniambia mwenyewe."

"Na mimi je? Mimi nilikuwa mtoto wa jirani?"

Sauti zilipanda. Kidoti aliziba masikio. Alikuwa amesubiri mwaka mzima kujua mwisho wa hadithi, na sasa wakubwa wake hawaujui.

Baba aliweka nyundo chini.

"Nyote mnasema kweli," alisema. "Ukuta huu ni wa mbao, sauti hupita. Mama yenu akiwahadithia, mimi nilikuwa naacha kupiga nyundo ili nisikie. Wewe, Kaka, ulikuwa mtoto wa kulilia kila kilichopotea. Alikwambia mguu ulipatikana. Dada, wewe ulivunjika mkono, ukawa hutaki kusaidiwa hata kuvaa. Akakwambia habari ya ukuta."

"Na mimi?" Kidoti aliuliza. "Mimi aliniambia nini?"

Baba alimtazama.

"Wewe ulikuwa unalala, mwanangu. Alikuwa ananyamaza, anakufunika."

"Hakumaliza?"

"Hakumaliza. Siwezi kukudanganya."

Kaka alishika sponji bila kujua anaifanyia nini. Dada alikuwa analia, lakini hakutoa sauti.

Mkutubi alizungumza kwa upole. "Kitabu cha namna hii kinaweza kuwa na njia zaidi ya moja. Mwishoni tutaweka picha ndogo za kugusa. Ukigusa kitanda, unaupata mwisho wa Kaka. Ukigusa ukuta, unaupata mwisho wa Dada. Na tuweke picha ya tatu, ya nukta nyeusi. Ukurasa wake tuuache mtupu. Huo ni wa Kidoti. Ataujaza akiwa tayari. Asiharakishwe."

Ikabaki sauti. Watoto walisema Baba ndiye asome. Baba alikataa, kwa sababu hakuwa msomaji wa haraka. Mkutubi alikuza herufi mpaka kila ukurasa ukabeba maneno machache makubwa. Ili kelele za barabarani zisiingie, Kaka alipanga sponji pande zote, kama chumba ndani ya chumba. Baba akaingia katikati, akavaa miwani.

"Hapo zamani palikuwa na kitu..."

"Kiti, Baba," Dada alisema kutoka nje ya sponji.

"Kiti, kitu, nani atajali?"

"Kiti chenyewe kitajali!" Kaka alisema.

Hata Kidoti alicheka. Baba alianza tena. Aliposoma vibaya, walifuta kipande hicho tu, akarudia. Kila siku alisoma kurasa mbili au tatu. Na kila siku alikwama mara chache kuliko jana.

Kitabu kilipokuwa tayari, Mkutubi aliwakumbusha jambo moja. "Tableti huvunjika. Huibiwa pia. Msiweke kazi hii mahali pamoja tu." Wakaweka nakala moja kwenye simu ya Kaka, nyingine kwenye kadi ya kumbukumbu ndani ya droo ya cherehani, na nyingine ikabaki maktaba.

Kidoti alikisikiliza kitabu mara nyingi. Alifungua mwisho wa Kaka. Alifungua mwisho wa Dada. Nukta nyeusi hakuigusa. Hakuna aliyemwuliza.

Mchana mmoja, Baba alikuwa anagongomea kitambaa cha kochi. Aligundua kwamba hasikii sauti ya misumari ikiokotwa. Alitazama. Kidoti alikuwa amelala kifudifudi juu ya sponji, anaandika kwa kidole kimoja. Baba alitaka kusogea, akajizuia. Alibaki ameshika nyundo, hapigi.

Mwishowe Kidoti alikuja na tableti. "Soma, Baba."

Baba alivaa miwani. Alikuza herufi. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno:

"Kiti hakikuuona mguu. Kikachoka. Kikarudi nyumbani. Makochi yakakiona. Yakasogea huku na huku. Yakakiweka katikati. Kikalala. Hakikuanguka."

Baba alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa cha kochi la mteja.

"Ndiyo mwisho?" aliuliza.

"Ndiyo mwisho," Kidoti alisema. Kisha akaichukua tableti, akarudi kwenye sponji. Akafungua kitabu cha sungura. Alisoma ukurasa uliobaki. Chini ya jalada, mstari mwembamba ukajaa.

Siku ile alimaliza kimoja tu. Kesho yake alimaliza viwili. Muda si mrefu mwalimu alimwita tena Baba. Safari hii alimwambia kwamba Kidoti amesimama mbele ya darasa, akasimulia hadithi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na alipomaliza hakulia. Habari ya kurudia darasa haikutajwa tena.

Maktaba nayo, kwa ruhusa ya familia, ilikiweka kitabu cha kiti cha miguu mitatu kwenye tableti zake zote, na watoto wa mtaa wanakisoma.

Wateja wakiingia karakanani siku hizi hukiona kiti chenyewe. Hakiko tena kwenye kona. Wengine humwuliza fundi kwa nini hakitengenezi, na mbao zimejaa tele. Fundi huitikia kwa kichwa tu, anaendelea na kazi. Amekiweka katikati ya makochi mawili, yamekibana taratibu huku na huku.

Hakijaanguka.