Spika ya Nyuma Kushoto

Mpima ardhi alifika kwa fundi redio wakati majirani wa karakana wakianza kufunga. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mabati, na uwanja ulinuka oili na waya ulioungua. Alimshusha binti yake, akamketisha kwenye benchi la mlangoni, mbali na gari.

"Usitoke hapo."

"Sawa, baba."

Mtoto alikuwa wa miaka mitano, mkono wa kushoto umefungwa bandeji. Jana yake, gari likipunguza mwendo penye kona, alikuwa amefungua mlango akashuka, bila haraka, kama mtu aliyefika nyumbani. Alipookotwa hakulia sana. Alishangaa tu kwamba baba anampapasa mwili mzima.

"Mama kaniambia tumefika," alisema.

Mama yake walikuwa wamemzika kabla ya mvua kuanza.

Hayo mpima ardhi hakumweleza fundi. Alisema spika ya nyuma kushoto inakwaruza, iangaliwe, na ikibidi ing'olewe kabisa. Haikuwa inakwaruza. Yeye mwenyewe alikuwa ameisikia jioni moja akirudi kazini: pumzi, kama ya mtu anayetaka kuanza kusema. Tangu siku hiyo hakuwahi kuizima redio. Kila jioni alirudi kwa njia ndefu, akisubiri.

Fundi walimwita Besi, yaani sauti nzito, kwa utani, maana sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya kifaranga. Alichungulia dashibodi, akatabasamu.

"Redio ya kiwandani hii. Usije ukaitoa, bosi. Redio iliyokuja na gari ni kama mke wa kwanza. Ukishambadilisha, hakuna kitu ndani ya nyumba kinachokaa mahali pake."

Mpima ardhi aliitikia kwa kichwa.

Besi alikuwa na utaratibu wake. Hakupima spika akiwa amesimama nje. Mwenye gari ndiye aliyeshika vitufe, akaisukuma sauti yote kwenye pembe moja, na Besi akaenda kuketi kwenye kiti cha pembe hiyo, macho kayafumba. Alisema sauti humjua aliyeikalia.

"Mbele kulia."

Mtangazaji alisoma habari za mpira.

"Nzima. Mbele kushoto... nzima, ila besi imezidi. Punguza. Hapo hapo. Nyuma kulia... safi. Haya, nyuma kushoto."

Kidole cha mpima ardhi kilisita juu ya kitufe. Kisha kikabonyeza.

Mtangazaji akapotea.

Kimya.

"Hii haikwaruzi, bosi," alisema Besi, macho bado kayafumba. "Hii imekufa."

Halafu ikaja pumzi.

Besi akafumbua macho.

Ilikuwa karibu mno, kama mtu aliyeinama kwenye kiti kilekile. Harufu ya mafuta ya nywele ikajaa ndani ya gari, mafuta ambayo kopo lake mpima ardhi alikuwa ameligawa pamoja na nguo za mkewe.

"Mwanangu," ilinong'ona spika. "Tumefika. Shuka."

Kule kwenye benchi, mtoto akasimama.

"Kaa!" Baba yake alizima redio. Mtoto akakaa, uso umejaa lawama.

Besi alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na mwenyewe. "Stesheni zinaingiliana saa hizi," alisema. "Hutokea." Lakini alishuka upesi. Alichukua bisibisi, akafungua kava la mlango, akaichomoa spika kwenye tundu lake. Akagusisha betri ya tochi nyuma yake, kuona kama ingali hai.

Tap.

"Spika yenyewe nzima," alisema. "Ila..."

Aliingiza taa mlangoni. Nyaya zilikuwa zimekatwa. Ncha zake zilikunjwa kurudi nyuma, zikafungwa tepu nyekundu, mizunguko imebana vizuri.

Besi aliipapasa ile tepu kwa kidole gumba.

"Bosi," alisema taratibu. "Kazi hii ni yangu. Hakuna mwingine anayekunja waya hivi." Akashusha sauti. "Yule mama mrefu, mwenye kikohozi kidogo kila akitaka kusema. Ni wako?"

"Alikuwa."

Besi alisoma uso wake, akaweka bisibisi chini. "Pole sana. Mimi na huu mdomo wangu... sikujua."

"Alikuja kufanya nini?"

"Kukatisha hii. Nikamwambia spika nzima, mama, kwa nini niiue? Akasema kuna sauti inamwita mtoto ashuke, gari likiwa linatembea. Akasema..." Besi alitazama benchi. "Akasema, na sauti yenyewe ni yake mwenyewe."

"Akiwa hai?"

"Akiwa hai, bosi. Amesimama hapo ulipo. Nilicheka. Nikamwambia, basi mwombe huyo pacha wako anyamaze. Yeye hakucheka. Alisema nikate, na kama haitanyamaza, kiti hicho atakikalia mwenyewe."

Mpima ardhi alishika paa la gari.

Alikumbuka. Jioni ya mwisho ya uhai wake, mkewe alikwenda kuketi nyuma kushoto, akamsogeza mtoto katikati. Yeye akamtania kwamba leo amegeuzwa dereva wa teksi. Kikohozi kidogo. Kisha upepo mwingi ndani ya gari, mlango uliokuwa wazi, na kiti kitupu. Waliolikagua gari walisema kitasa kimelika. Yeye akaweka kitasa kipya. Akamrudisha mtoto kwenye kiti chake, pale pale.

Na zile jioni zote, zile njia ndefu... alikuwa akimsubiri nani?

"Liache gari," alinong'ona Besi. Alikuwa ameshafungua vichwa vya betri. Gari lote lilikuwa halina umeme. "Mimi sauti nazijua. Hii siijui."

Mkononi mwake, spika isiyounganishwa na kitu chochote ilianza kutikisika.

Besi akaidondosha kwenye ndoo ya maji.

Mpima ardhi aliliacha gari, akaondoka kwa miguu akiwa amembeba binti yake, kichwa chake kikiwa begani upande wa kushoto. Barabara ilikuwa nyembamba, na malori yalipita karibu kiasi cha kupeperusha shati. Hakuwa na lingine la kufanya ila kumshika na kutembea. Mtoto alikuwa mzito wa usingizi. Hilo lilimpa nafuu.

"Baba."

"Lala, mama."

"Mama kahama."

"Kahamia wapi?"

 Mtoto alikuwa amelala kweli.

Lori lilitokea mbali, taa zake zikatandaza mwanga barabarani. Ndipo alipokisikia, ndani ya sikio la kushoto, kikohozi kidogo. Ikafuata harufu ya mafuta ya nywele.

"Umechoka, baba yake. Mweke chini kidogo."

Alijua si mkewe. Alijua vizuri kabisa, na alilirudia kimoyomoyo kama mtu anayehakikisha vipimo: si yeye, si yeye. Aliiamuru mikono yake ikaze. Akaiamuru tena. Lori lilikuwa linakaribia.

Na mikono yake, kwa utulivu, kama ya mtu aliyezoea kusikilizana na mkewe, ikaanza kumshusha mtoto barabarani.