Vigae vya Nyumbani kwa Diwani

Asubuhi hiyo, ndugu zangu, banda la mafundi cherehani lilikuwa limechangamka. Akina mama kumi walikanyaga vyerehani huku wakitaniana, na birika la chai lilizunguka. Mke wa diwani alikaa dirishani akishona sare za shule. Banda lilikuwa mali ya umma, na wote walimpigia mumewe kura kwa kuwa aliapa halitaguswa.

Ndipo mumewe akaingia na mfuko wa fulana. Jana yake alikuwa amehamia chama kingine. Akaomba wabandue nembo ya zamani na kushonea mpya palepale. Alichofuata, alisema, ni maendeleo.

Mama wa vifungo, mshona vifungo wa banda na mkubwa wao kwa umri, alizigeuzageuza zile fulana.

"Nembo tutabandua, shemeji. Lakini alama ya sindano haitoki, usije ukatulaumu."

Wote wakacheka, diwani pia. Mkewe hakucheka. Yeye alijua kwamba wiki moja kabla, lori la mwenye duka la saruji lilishusha vigae vya sakafu nyumbani kwao, na mumewe akasema ni zawadi tu. Aliinama, akafumua nyuzi.

Haikupita muda, barua ikaja: kiwanja cha banda amepewa mwenye duka la saruji ajenge ghala. Katika baraza la madiwani kura za vyama viwili zilikuwa zimelingana, na ya diwani, sasa upande wa chama kipya, ndiyo iliyoamua. Watu wakaanza kushuku. Mke wa diwani akiingia bandani, maneno yanakatika. Hakuna aliyemtukana. Mama wa vifungo aliendelea kumwekea chai yake, akiifunika na kisahani isipoe, na wema huo ulimchoma kuliko tusi.

Nyumbani alimuuliza mumewe habari ya vile vigae.

"Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, mama watoto."

"Na hiyo kamba yetu, baba, ni nani aliyeifunga kwenye riziki za wenzangu?"

Mumewe alitazama sakafu mpya ya vigae.

Wakubwa wa halmashauri walipokuja bandani kusikiliza malalamiko, waliuliza kama kuna mwenye ushahidi. Diwani alisimama mlangoni, macho kwa mkewe. Mkewe aliweka mkasi mezani, akasimama.

"Vigae vya mwenye duka la saruji viliingia kwetu wiki moja kabla mume wangu hajahama chama. Wapakuzi niliwapikia chai mimi mwenyewe. Nilijua, nikanyamaza."

Diwani akaondoka. Kibali cha ghala kikafutwa, naye akajiuzulu. Chama cha zamani hakikumtaka. Kipya kilisema hakimfahamu vizuri. Lakini mafundi watatu walikuwa wamekwisha kuuza vyerehani vyao kwa kukata tamaa, na hawakurudi.

Mke wa diwani alipiga magoti mbele ya mama wa vifungo, akaomba radhi.

"Inuka, mwanangu, nimekusamehe," mzee alimwambia. "Lakini hao watatu wafuate majumbani kwao. Siwezi kukusamehe kwa niaba yao."

Akajifunga kanga, akaenda, mlango kwa mlango, uso chini. Wawili walimfungulia.

FUNZO

Kuhama chama si kosa. Mtu ana haki ya kubadili mawazo. Kosa ni kuhama ukiwa umebeba amana ya watu, ukamkabidhi tajiri. Nasi tulio majumbani mwa viongozi tusijifiche nyuma ya kimya. Zawadi ikiingia mlangoni bila sababu, tuulize siku hiyohiyo, maana ukweli uliochelewa huponya wachache.